Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara, Kaunti ya Mombasa: tupeni kipimo kimoja cha njia za miguu

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kumwaga zege mbele ya nyumba na maduka, Kisauni hadi Mikindani. Nakuandikia kwa sababu kila mwenye duka anajijengea njia kwa kimo anachotaka mwenyewe.

Ukipita madukani Kongowea utaona. Mmoja kainua kibaraza ili maji ya mvua yasimwingilie. Jirani kainua zaidi, maana maji ya mwenzake sasa yanamjia yeye. Wa tatu hakuinua, amebaki na dimbwi. Majuzi nilimwona bibi mmoja na bakora yake: alifika ukingoni mwa kibaraza, akatazama chini, akaona hataweza, akashuka barabarani kupita katikati ya tuktuk. Mwenye kiti cha magurudumu hata hajaribu, na kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kufika mahali pote.

Kazi yenyewe tunaijua. Udongo ushindiliwe, kisha mawe. Zege la inchi 4 lawatosha wapita njia. Pale gari linapoingilia, inchi 6. Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni, si kwa jirani. Uso upitishwe ufagio ungali mbichi, watu wasiteleze. Mchanga wa baharini usiooshwa tuuache, chumvi yake hula vyuma. Halafu maji chini ya magunia, siku 7 mfululizo. Hapo ndipo wateja hutushinda: wanataka kufungua duka kesho yake, na jua la hapa na upepo hukausha uso kabla zege halijashika. Haupiti muda, uso huo unaanza kubanduka.

Lakini hata zege likishika vizuri, likipita la jirani kwa shubiri nzima, kwa yule bibi ni ukuta.

Naomba ofisi yako itoe kipimo kimoja kwa kila mtaa: kimo kutoka barabarani, mwinamo, na mteremko wa kupandia, usiozidi mita 1 ya kimo kwa mita 12 za urefu. Mpimaji apite aweke alama ya rangi ukutani kabla hatujamwaga. Gharama ya zege abaki nayo mwenye duka, kama ilivyo sasa. Alama ikiwepo hata ugomvi wetu na wateja utapungua. Tafadhali ianze kabla ya masika. Mvua zikishuka, kila mtu atainua chake tena.

Wako,
Fundi wa zege, Kisauni