Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Afya ya Umma na Mazingira, Mamlaka ya Jiji la Kampala: Hewa ipimwe pale pua ilipo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kampala haina tena uhaba wa namba za uchafu wa hewa. Mradi wa kupima hewa wa AirQo, wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulianza mwaka 2015, na leo mwenye simu anaweza kuona hewa ya mtaani kwake ikoje. Kazi hiyo tunaiheshimu. Ila vifaa vingi vimefungwa juu ya nguzo na mapaa, na huko juu hakuna anayevuta pumzi. Muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa Wandegeya anainamia sigiri ya makaa tangu jioni hadi usiku. Askari wa trafiki anasimama hatua mbili kutoka kwenye bomba la moshi la teksi. Namba ya nguzoni inaeleza hali ya mtaa. Kilichoingia kwenye mapafu ya hawa wawili haikijui.

Ombi letu ni moja: kabla kiangazi cha Juni hakijaanza, idara yako ianze kupima hewa ambayo mtu mwenyewe anaivuta, kifaa kikiwa mwilini mwake saa 24.

Uchafu tunaousema ni chembe ndogo za moshi na vumbi, zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hizo mara ishirini na zaidi. Vumbi kubwa la barabara ya murram, yaani ya udongo mwekundu isiyo na lami, hunaswa puani na kooni. Hizi ndogo hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu, ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi: yapo magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, nimonia ya watoto wadogo, na watoto kuzaliwa na uzito pungufu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizi, cha wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na cha saa 24 kutoka 25 hadi 15.

Kwa nini mwilini? Tupige hesabu ya mfano tu, hizi si namba za kipimo. Mama apike saa 3 kwenye moshi wa mikrogramu 300, akae barabarani saa 2 kwenye 100, na saa 19 zilizobaki ziwe kwenye 40. Jumla ni 900 na 200 na 760. Ukigawanya kwa 24 unapata 77.5. Nguzo ya jirani ingesema 40. Saa tatu za jikoni zimebeba karibu nusu ya mzigo wa siku nzima, na hapo bado hatujahesabu kwamba anayepandisha mkokoteni mlimani Katwe huvuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyekaa.

Hata hizo saa tatu hazilingani. Moshi mwingi wa sigiri hutoka wakati wa kuwasha, makaa yakiwa bado meusi, hasa yakiwashwa kwa kavera (mfuko wa plastiki). Ukiwashia nje na kusubiri yawe mekundu, chembe hupungua sana. Lakini tahadhari: makaa mekundu hayana moshi wa kuonekana, ila yanatoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo huua aliyelala chumbani na madirisha yamefungwa. Tafadhali ushauri huu usitolewe nusu.

Sasa namna ya kupima. Kifaa cha kwanza ni kidogo, cha miale ya leza, kinachorekodi kila dakika. Kinafungwa kwenye mkanda wa begi kifuani, sentimita 30 hivi kutoka puani, tundu la kuingizia hewa likiwa wazi. Mtu akivaa koti juu yake, umepima koti. Cha pili ni pampu ndogo yenye kichujio cha milimita 37. Pampu ikivuta lita 2 kwa dakika, kwa saa 24 inapitisha mita za ujazo 2.88, kichujio kikiongezeka uzito wa mikrogramu 144, wastani ni 50. Kichujio kikae siku nzima kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika kabla ya kupimwa uzito, mara ya kwanza kikiwa kitupu na ya pili baada ya kutumika, kwenye mizani inayosoma mikrogramu moja. Katika kila vichujio kumi, kimoja kisafiri bila kupitishiwa hewa, kionyeshe uzito uliotokana na mikono yetu wenyewe.

Leza peke yake isiaminiwe. Alfajiri unyevu ukipanda, matone ya ukungu huhesabiwa kama moshi na namba huvimba bure. Kwa vumbi nene la murram ni kinyume: vifaa vya bei nafuu huliona kwa shida, na mtaa wenye vumbi jekundu hadi kwenye majani ya migomba unaweza kusomeka safi. Kwa hiyo vifaa vyote viwekwe pamoja wiki nzima kando ya mtambo wa rejea, ule unaoaminika wa kulinganishia, kabla ya kazi na baada yake. Kisichokubaliana na wenzake kiachwe. Na kuna kosa ambalo hakuna mtambo unaolirekebisha: mtu kukiacha kifaa nyumbani kwenye chaji, kisha jioni kukirudisha kwa adabu kabisa. Kihisi cha mwendo ndani ya kifaa humfichua.

Watu 60 wanatosha kuanza, wakiwemo waendesha boda boda, askari wa trafiki, wapishi wa barabarani, wanafunzi, na makarani wa Nakasero kwa kulinganisha. Wachaguliwe wa mabondeni na wa vilimani, kwa sababu usiku hewa baridi hutuama bondeni pamoja na moshi wa jioni. Wa Bwaise bondeni na wa Kololo kilimani hawalali katika hewa moja. Kila mmoja apimwe mara mbili, Julai na tena wakati wa mvua za Novemba, akiandika kwenye daftari kila nusu saa alipo na anachofanya. Bila daftari utaona namba imepanda saa moja usiku usijue ni sigiri, ni takataka za jirani zinazochomwa, au ni teksi.

Wakati wa kusubiri matokeo, wasigawiwe barakoa za kitambaa kana kwamba ni kinga. Chembe hizi hupita. Ya N95 inasaidia ikishika uso pande zote, na ndevu huharibu mshiko huo.

Kila aliyepimwa apewe mchoro wake, umeelezwa kwa Kiganda na Kiswahili. Ila kumbukumbu za mahali zinaonyesha anakolala, anakosali na anakouzia. Ziondolewe kabla data hazijatoka ofisini kwako.

Ni sisi,
Wapimaji wa hewa, Kampala