Ndege wana akili jamani

Mhariri naomba nafasi kidogo. Tukitaka kumtukana mtu tunasema ana akili za kuku, mi hiyo inaniuma kweli maana hawa ndege wanaoimba ubongo wao ni balaa. Chukua zebra finchi, kandege ka Australia, dume hazaliwi anajua wimbo, kwanza anamsikiliza baba yake tu anautunza kichwani, alafu anaanza kubwabwaja kama mtoto anayesema ba-ba-ba, anajisikiliza anajirekebisha mpaka ikifika kama siku 90 hivi wimbo umeshika. Jike haimbi ila masikio anayo, anachagua mume kwa wimbo.

Kilichonigusa zaidi ni usingizi wao. Mwaka 2000 Amish Dave na Daniel Margoliash wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba kandege kakiwa kamelala, kimya kabisa macho kamefumba, seli za ubongo zinatoa umeme kwa mpangilio uleule wa kuimba, yaani ni kama kanarudia somo!

Mhariri wekeni habari hizi ukurasa wa watoto, wangu kila Jumamosi yuko na manati shingoni na mi nimechoka kumnyang'anya.