Mwanangu, kuhusu ile namba moja

Marahaba baba, hujambo? Bibi kaniambia homa imeisha na umerudi shule, nimeshukuru sana. Ujumbe wako wa Jumapili nimeurudia kuusoma mara nyingi, pale uliposema "mama, miaka miwili yote uko Uingereza unapima namba moja tu?" sikukujibu palepale kwa sababu jibu lake haliingii kwenye meseji, ndo maana leo nimekaa nakuandikia barua kabisa.

Ni kweli napima namba, namba ya kasi, yaani gesi mbili zikikutana zinamalizana haraka kiasi gani. Kuna kitu hewani kinaitwa haidroksili, ni atomu moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni basi, ina elektroni moja isiyo na mwenzake kwa hiyo haitulii, ikikutana na gesi yenye haidrojeni mara nyingi inampokonya. Vitu vya namna hiyo tunaviita radikali. Haidroksili hewani inaishi kama sekunde moja au chini ya hapo na ziko chache mno, lakini hizo chache ndo zinazofagia hewa ya dunia nzima. Gesi ya methani inayotoka kwa ng'ombe wa babu, kwenye majaruba ya mpunga, kwenye mabwawa, ikishapaa inakaa takriban miaka 9, na anayeiondoa kwa sehemu kubwa ni huyo huyo haidroksili. Sasa ukikosea kasi yao umekosea na hiyo miaka. Mwaka 1991 wanasayansi wawili, Vaghjiani na Ravishankara, kule Boulder, Marekani, waliipima upya wakakuta inakwenda polepole kuliko watu walivyoamini, na muda wa methani kukaa hewani ukarefuka kwa karibu robo. Robo nzima baba, kwa namba moja.

Unampimaje mtu anayeishi muda mfupi hivyo? Wanakemia Norrish na Porter pale Cambridge, mwishoni mwa miaka ya 1940, walianza na taa inayowaka ghafla kwa nguvu kisha wanachungulia kilichozaliwa, wakaja kupata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1967 pamoja na mwenzao Eigen. Sisi tunatumia leza ila wazo ndo lile lile. Nina chombo cha chuma chenye vidirisha, ndani inapita gesi taratibu, ina methani na haidrojeni peroksaidi kidogo sana. Leza ya kwanza, ya urefu wa wimbi nanomita 248, mwanga wake hauonekani kwa macho, inaikata ile peroksaidi katikati zinatoka haidroksili mbili. Nasubiri kidogo, halafu leza ya pili, nanomita 282, inazigusa zile zilizobaki na zenyewe zinajibu kwa kung'aa karibu na 308. Mwangaza huo ukiwa mwingi ujue bado ziko hai nyingi, ukififia ujue zimeshaliwa. Nabadilisha muda wa kusubiri, maikrosekunde chache (moja ni sehemu ya milioni ya sekunde), kisha mia, kisha elfu na zaidi, hadi nione mkunjo wote unavyoshuka. Leza zinapiga mara 10 kwa sekunde, ta ta ta ta kutwa nzima, na hiyo ya pili inaanzia kwenye rangi iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ya machungwa kama juisi ya pasheni, mwanga wa kijani ukiipiga inatoa mwanga mwingine wa njano unaopendeza sana, natamani ungeuona, ila miwani ya kinga huwa siivui hata dakika moja.

Ujanja wenyewe uko kwenye wingi. Fikiria mandazi 20 yamewekwa mbele ya watoto 2,000 wakati wa mapumziko: mandazi yataisha, lakini watoto watabaki wale wale, hata ukiwahesabu tena huoni tofauti. Haidroksili ndo mandazi, methani ndo watoto. Kwa hiyo kasi ya kupungua inategemea tu nimeweka methani kiasi gani.

Hii ya methani ilishapimwa na wengi, sisi tunaitumia kukagua mashine kabla ya kupima gesi zetu mpya. Na hapo ndo nilikwama. Namba yangu ilikuwa inatoka juu kwa karibu moja ya tano kila nikirudia, nikatafuta uvujaji, nikabadilisha kipima presha, nikawa nalala saa nane usiku, wiki tatu nzima. Kumbe mtungi wa methani tuliouziwa haukuwa safi kama karatasi yake ilivyosema, ulikuwa na ethani, gesi nyingine ya jamii ya methani, kama nusu asilimia. Nusu asilimia unaweza kuidharau, lakini ethani inamalizana na haidroksili haraka karibu mara 40 kuliko methani, kwa hiyo ule uchafu kidogo ulikuwa unakula mandazi mengi tu. Vipimo vyote vya miezi miwili nimevifuta, nimeanza upya na mtungi mwingine. Niliumia baba, nisikufiche, lakini afadhali nimejua mimi kabla mtu hajaichukua ile namba akaipigia hesabu.

Haya, chukua ile karatasi yako ya grafu. Chini uandike methani, kizio ni molekyuli 10¹⁶ kwa sentimita ya ujazo: 2, 4, 6, 8. Pembeni uandike kasi ya kupungua kwa sekunde: 228, 349, 481, 602. Hizi ni za Jumanne, kwa mtungi mpya, chumba kikiwa nyuzi 25. Pitisha mstari ulionyooka katikati ya nukta, na usiulazimishe uanzie kwenye sifuri, hautaanzia, kwa sababu hata methani isipokuwepo haidroksili bado inapungua, nyingine zinaliwa na peroksaidi yenyewe, nyingine zinapotelea nje ya njia ya leza. Gradienti, yaani mwinuko wa huo mstari, ndo namba yenyewe. Ukishaipata nitumie picha ya grafu kwa simu ya bibi, mimi yangu sikuambii mpaka nione yako.

Mpe bibi shikamoo yangu, na dawa umalize hata kama unajisikia mzima.

Mama yako