Safari ya Estremoz Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Tunaondoka Lisbon kwenda Estremoz, mji wa mashariki mwa Ureno, saa 12:30 asubuhi kamili. Ni kilomita 170 hivi kwa barabara ya A6, na gulio la Rossio Marquês de Pombal, uwanja mkuu wa mji, ni la asubuhi: ikikaribia saa 7 mchana wauzaji wanafunga virago.

Anzeni na jibini ya kondoo. Onjeni kwanza, kwani iliyokomaa ni ngumu na ina chumvi nyingi. Ifungeni kwa karatasi, maana kwenye plastiki inatoa jasho na kuota ukungu. Chukueni noti ndogondogo. Wakulima wengi hawapokei kadi.

Vinyago vya udongo, ambavyo ufundi wake UNESCO iliuorodhesha 2017, vinastahili muda wenu zaidi. Huchomwa kwanza, ndipo vikapakwa rangi na vanishi, kwa hiyo msivioshe kwa maji. Futeni vumbi kwa brashi laini. Huvunjika shingoni na mikononi, basi kila kimoja kifungwe peke yake kwa gazeti.

Vaeni viatu vya soli ya mpira: marumaru ya huko huteleza, hasa mkipanda ngomeni. Chakula saa 6:30, kabla mikahawa haijajaa.