Ngozi ya panya si ngozi ya mpwa wangu

Ndugu Mhariri,

Nimemsoma msomaji mwenzangu anayelalamika kwamba wanasayansi huwaumiza panya uti wa mgongo kisha wakakaa kuwatazama wakijikokota. Huruma yake naielewa, maana nimekuwa afisa mifugo Kongwa na Mpwapwa mpaka nikastaafu. Ila nadhani hajawahi kumuuguza aliyepooza.

Mpwa wangu alianguka na bodaboda. Miguu haikumtesa kama tulivyodhani. Kilichomtesa ni kidonda cha kulalia pale kwenye kifandugu, na mkojo. Usiku mmoja presha ilipanda ghafla, kichwa kikamgonga, uso jasho tupu. Kumbe mpira wa mkojo umejikunja. Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu huweza kupatwa na hayo: kibofu au utumbo wa haja kubwa ukijaa, mishipa ya damu ya chini hujikaza, na amri ya ubongo ya kuilegeza haifiki. Watafiti wamelifuatilia hilo kwa panya, kwa kumwingizia puto dogo njia ya haja kubwa, kulijaza na kupima presha. Na panya huyo, baada ya kuumizwa akiwa kwenye nusukaputi, hukamuliwa kibofu kwa mkono mara mbili tatu kwa siku, hata sikukuu. Vijijini kwetu ni wagonjwa wangapi wanaopata uangalizi huo?

Ninapokubaliana naye kidogo ni hapa: panya hafai kwa kila jambo. Ngozi yake imelegea juu ya nyama, kidonda hufunga kwa kujivuta. Yetu imeshikana na kilicho chini yake, kama ya nguruwe. Aliyewahi kumchuna nguruwe anajua kisu kinavyohangaika, tofauti kabisa na mbuzi. Kwa vidonda vya kulalia, basi, nguruwe ndiye anayetukaribia.

Na nguruwe Dodoma tunao, si wa kitimoto tu. Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo, Dodoma mjini kuna chuo kikuu kinachofundisha udaktari. Waketi pamoja waanze na vidonda, kwa wanyama wachache, wenye dawa ya maumivu, na kamati ya maadili ikiwakagua bila kupiga hodi.

Mpwa wangu tunamgeuza kila baada ya saa mbili, simu ndiyo inayotuamsha. Tumeuziwa pia godoro la "kuzuia vidonda", bei yake ni ya ng'ombe. Nilimuuliza muuzaji lilijaribiwa juu ya ngozi ya nani. Akacheka.

Afisa mifugo mstaafu,
Kongwa, Dodoma