Barua kwa mwanangu: keki ya rafiki yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa kutaka kumtengenezea rafiki yako keki nimeusoma, na ile picha ya keki uliyoniwekea nimeitazama. Ghorofa tatu, maua ya sukari, dhahabu pembeni. Nzuri, sikatai. Ila keki ile imetengenezwa ipigwe picha, na wewe unamtengenezea rafiki yako aile. Kwa hiyo leo nakuandikia habari za ndani kwanza. Mapambo tutayafikia.

Kabla hujanunua chochote, ulizia kama kuna kitu kinachomdhuru: karanga, maziwa, mayai. Usione ni udadisi. Mwenye mzio wa karanga anaweza kukimbizwa hospitali kwa kipande kimoja tu. Ulizia pia anapenda ladha gani. Kama chokoleti haipendi, usimlazimishe kwa sababu wewe unaijulia.

Vipimo havina siri. Weka mayai 4 kwenye mizani yakiwa na maganda yake, usome uzito. Siagi, sukari na unga wa ngano, kila kimoja kiwe na uzito huohuo, kawaida ni gramu 220 hadi 240. Unga uchekeche pamoja na vijiko vidogo 2 vya bekingi pauda na chumvi kidogo. Vanila kijiko kidogo kimoja. Hiyo inajaza vyombo viwili vya duara vya sentimita 20, navyo uvipake siagi na kutandika karatasi chini. Kama bekingi pauda imekaa kabatini siku nyingi, tia kidogo kwenye maji ya moto. Isipotoa povu papo hapo, itupe.

Kazi yenyewe iko kwenye siagi na sukari, na hapo ndipo watu wengi wanaporuka. Siagi iwe laini, ukiibonyeza kidole kiingie bila kuteleza, lakini isiwe imeyeyuka. Ipige na sukari mpaka rangi ya njano ipauke, ijae bakulini, na ukiigusa usisikie chembe nyingi za sukari. Kwa mashine ni dakika kama tano. Kwa mwiko, mkono utakuuma na bado uendelee. Chembe za sukari ndizo zinazoingiza hewa ndani ya siagi. Bekingi pauda kazi yake ni kuvimbisha vile viputo ulivyokwisha kuvitengeneza, kwa hiyo ukikwepa hapa, kuongeza bekingi pauda hakutakuokoa. Kutaleta uchungu mdomoni tu.

Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja. Yatie moja moja huku unapiga. Mchanganyiko ukianza kukatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, usiogope: tia kijiko cha unga, uendelee. Unga uliobaki usiupige kabisa. Ugeuze kwa mwiko taratibu kutoka chini kuja juu, na mara usipouona tena mweupe, acha. Ukizidisha, unga unaanza kuvutika na keki inatoka ngumu.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 180 za Selsiasi, kabla hujaingiza kitu. Dakika 20 za mwanzo usifungue mlango hata harufu ikikuita. Keki ambayo haijashika katikati ikipata ubaridi huzama. Ikifika dakika 25, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, na kingo zimeanza kuachana na chombo, imeiva. Iache humo dakika 10, kisha uipindue.

Sasa subiri. Najua hupendi neno hilo. Krimu ya siagi juu ya keki yenye uvuguvugu huyeyuka, na tabaka la juu huanza kuteleza wageni wakiwa mlangoni. Oka jioni ya kuamkia siku yenyewe, ikipoa kabisa uifunge kwa nailoni, ulale. Asubuhi itakuwa imetulia, na kisu kitakata kile kinundu cha juu bila makombo mengi. Kinundu ni haki ya mpishi, kile.

Krimu ni siagi gramu 250 na sukari laini ya unga gramu 500, iliyochekechwa. Siagi uipige peke yake kwanza mpaka ipauke, ndipo sukari iingie kidogo kidogo. Usisahau chembe ya chumvi, maana bila hiyo krimu ina utamu tu, haina ladha. Pandanisha keki zako mbili, krimu ikiwa katikati, kisha paka tabaka jembamba sana kote, ambalo kazi yake ni kukamata makombo, uweke keki kwenye friji nusu saa. Tabaka la pili ndilo la kuonekana. Rangi tumia ile nzito ya jeli, kwa ncha ya kijiti, kwani ya maji huilegeza krimu. Nayo rangi huzidi kukolea kadiri saa zinavyokwenda, basi ishia kabla ya pale unapotaka.

Jina liandike kwanza kwenye karatasi iliyokatwa ukubwa wa keki, uone kama herufi zinatosha. Kisha lichore kwa kijiti juu ya krimu, ndipo ufuatishe kwa mfuko wenye krimu uliokatwa kona. Kata kidogo, kidogo sana. Tundu unaweza kulipanua, kulirudisha huwezi.

Baada ya jina weka kitu kimoja tu chenye kumhusu yeye. Kama anacheza mpira, mpira mmoja. Kama anapenda paka, masikio mawili na sharubu yanatosha. Mapambo kumi yanayoweza kukaa kwenye keki ya mtu yeyote hayamwambii kitu. Na upande mmoja uuache mtupu, jicho lipumzike.

Kuisafirisha: itoke kwenye friji ikiwa imekaza, ikae kwenye boksi lenye kimo cha kutosha, na kama ni kwa gari, iwekwe sakafuni. Kiti kina mteremko, na mapajani inatikisika. Ikifika, itolewe kwenye baridi saa moja au mbili kabla ya kukatwa. Siagi ikiwa ngumu, keki laini huonekana kavu, na kazi yako yote italaumiwa bure.

Picha nitumie ikishakatwa. Nataka kuona ndani.

Wako,
Baba