Mwanangu, Februari Itakukuta Wajir

Kwako mwana wa kaka yangu,

Baba yako ameniambia umepangiwa kufundisha Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Juu ya jua, maji ya chumvi ya visimani na usalama barabarani, najua umeshaonywa hadi umechoka. Mimi nina jambo moja tu, na ninaliandika hadharani ili walimu wengine wanaopelekwa kule walisikie.

Tarehe 10 Februari watu watakuwa wakiwaombea marehemu wao wa Wagalla, waliouawa na askari wa serikali. Wenzako wa huku nyumbani watakushauri ukae chumbani kwako, eti hayo ni mambo ya Wasomali wenyewe kwa wenyewe. Usikae. Nenda.

Siku hiyo mwaka 1984 ilikuwa Ijumaa. Askari wa serikali yetu waliwakusanya wanaume wa Degodia, ukoo wa Kisomali, kutoka mjini Wajir na vijiji vya jirani, wakachoma nyumba mtaa wa Bulla Jogoo, wakawapeleka watu uwanja wa ndege wa Wagalla, yapata kilomita 15 kutoka mjini. Waliwavua nguo, wakawalaza juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Waliogoma kuvua walipigwa risasi, na waliojaribu kukimbia vilevile. Maiti zilipakiwa kwenye malori zikatupwa porini. Sababu iliyotolewa ni kwamba walikuwa wakinyang'anywa silaha, kwa kuwa Degodia na ukoo mwingine, Ajuran, walikuwa wakigombana.

Sasa hesabu. Serikali kwanza ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakubali 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ikasema ni karibu 1,000, na wenyeji wengine hutaja hata 5,000. Hebu fikiria ni majina mangapi yaliyomo kati ya 57 na 1,000.

Utasikia wazee wakimtaja Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wafugaji kifua kikuu. Huyo aliingia porini kuokota maiti na majeruhi, na habari alizozikusanya zikafika nje ya nchi. Ikawa hatakiwi tena Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, mwaka 2003, bado akihudumia wagonjwa. Na hiyo Tume niliyoitaja, mwenyekiti wake alikuwa Balozi Bethuel Kiplagat, ambaye siku mbili kabla ya mauaji alikuwa miongoni mwa maafisa wakuu waliofika Wajir kwa mkutano wa usalama. Alikana kwamba operesheni hiyo ilijadiliwa mbele yake. Ilimbidi akae kando kwa muda, baadaye akarudi kwenye kiti. Kenya hii!

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi tuliisikia. Fedha, waulize wajane utakaowakuta huko.

Lakini linalonikera zaidi ni kalenda. Kwa miaka mingi tarehe 10 Oktoba tulipumzika kwa heshima ya Rais Moi, ambaye Wagalla ilitokea chini ya utawala wake. Katiba ya 2010 ikaiondoa Siku ya Moi, mahakama ikairudisha 2017, kisha ikaitwa Utamaduni, na sasa ni Siku ya Mazingira. Siku moja imebadilishwa jina kama kanga, na kote huko hakuna aliyewakumbuka waliokufa kwa amri za serikali.

Nao Afrika Kusini, tarehe 21 Machi, polisi walipowaua watu 69 kule Sharpeville mwaka 1960, imekuwa sikukuu ya taifa zima. Haikuachiwa wakazi wa Sharpeville peke yao.

Ndiyo maana nakataa hili neno la "mambo yao". Mwaka 1984 dola ilichagua ukoo mmoja, ikasema huu ni ugomvi wa koo. Leo tukiuachia ukoo huohuo uomboleze peke yake, tunakubali maelezo ya walioua. Risasi zile zilinunuliwa kwa kodi ya babu yako na yangu.

Wewe unaelewa zaidi yangu. Ulikuwa Nairobi tarehe 25 Juni 2024, vijana walipopigwa risasi karibu na Bunge, na mwaka uliofuata mlitaka nchi nzima isimame kuwakumbuka. Mlikuwa na haki kabisa. Basi itake nchi isimame kwa Wagalla pia, na kwa mauaji ya Bulla Karatasi, Garissa, mwaka 1980, ambayo hata huku kwetu wachache wameisikia.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge jambo. Nimeanza kuandika ombi la siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa na serikali zao wenyewe, ingawa mume wangu anasema Bunge litaliweka kabatini. Na liwekwe, mradi litakuwa na muhuri wa kupokelewa.

Nimekwama kwenye tarehe. Niombe 10 Februari, siku walipokamatwa, na wa Garissa na Nairobi wakubali kuingia humo? Au iwe siku isiyo ya mtu yeyote? Ukishazoeana na wenyeji, waulize kwa adabu, uwasikilize bila haraka, kisha unipigie.

Shangazi yako